Mtamba wa Mshindi

Swali lilikuwa moja tu: nani atatutunzia mtamba mpaka msimu uishe? Tulikuwa watu saba ndani ya kibanda umiza, tunapolipia kutazama mpira, pale Mwanjelwa, Mbeya, na wenzetu wanne wakitusikiliza kwa simu kutoka Iringa. Ningenyamaza kidogo tu, swali lingepita. Mmoja wa wale wa Iringa alikuwa na eneo lake, na nilimsikia akikohoa kama mtu anayejiandaa kusema neno. Nikamuwahi.

"Dada yangu yuko Kilolo," nikasema. "Majani anayo, zizi analo. Mniachie mimi."

Walinipigia makofi. Nakiri kwamba niliyapenda makofi yale. Mtu akishastaafu hapigiwi makofi mara nyingi.

Nieleze mchezo wenyewe, maana wazee wenzangu wengi huuchanganya na kamari. Kila mmoja wetu huchagua kwenye simu yake wachezaji kumi na watano wa ligi ya Uingereza. Mchezaji wako akifunga goli huko kwao, wewe huku unapata pointi. Mmoja unamfanya kapteni, na pointi zake huhesabiwa mara mbili. Mambo huanza mwezi wa nane na kuisha mwezi wa tano, na mwenye pointi nyingi ndiye bingwa. Mimi nilifundishwa na mpangaji wangu, mwalimu kijana wa hisabati. Wengine tulijuana kazini, kwenye ghala la mbolea nilikokuwa karani kwa miaka mingi. Baadhi walihamishiwa Iringa na ligi yetu ikawafuata. Kwa kuwa nilisoma sekondari na mwandiko wangu unasomeka, walinifanya katibu. Hata jina la nyumbani nililisahau nikiwa nao. Nilikuwa Katibu.

Msimu wa kwanza tulimpa mshindi bahasha. Wiki haikuisha, hakuwa na cha kutuonyesha isipokuwa kichwa kinachouma. Kwa hiyo msimu wa pili mwalimu alisema tubuni zawadi yenye maana, na siku hiyo kila mtu akawa mbunifu. Mmoja alitaka sote tumlimie mshindi ekari moja. Mwingine alitaka atakayeshika mkia avae gauni la mkewe na kwenda sokoni kununua ndizi. Wa Iringa wakashauri tumpeleke mshindi Ruaha, alale Idodi na kuwaona tembo asubuhi.

"Tembo namwona kila siku kwenye noti ya elfu kumi," alisema mwenye duka la spea kutoka Mbalizi. "Tena huyo hanikimbizi."

Tulipomaliza kucheka mwalimu akasema, "Tununue kitu kinachokua. Msimu ukikua na zawadi inakua. Tununue mtamba."

Hapo hakuna aliyebisha. Ng'ombe anaeleweka na kila mtu. Nikafungua daftari kuandika kanuni.

"Akizaa je?" akauliza mwenye spea.

Nikaandika, nikawasomea: "Mshindi atamchukua mtamba pamoja na uzao wake, ukiwa tumboni au ukiwa umeshazaliwa."

"Na anayelisha anapata nini?" akauliza mwalimu.

"Ni dada yangu. Maziwa yakiwepo atakunywa. Hadai kitu."

"Umemuuliza, mzee?"

"Namjua."

Ni kweli nilimjua, na ndiyo maana sina pa kujificha. Dada yangu ni mdogo wangu kwa miaka mitatu. Tulipokuwa watoto bibi yetu alimpa ndama jike, akamwambia huyo ndiye atakayemsimamisha mjini au kijijini. Nilipofaulu kwenda sekondari baba alimuuza yule ndama, akaninunulia sanduku la bati, godoro na sare, na akalipa ada ya mwaka. Dada aliishia darasa la nne. Hakuwahi kunilaumu hata mara moja. Baadaye aliolewa, akafiwa na mume, na ndugu za mume wakaja na kuwaswaga ng'ombe wote mbele yake. Akarudi kwenye nyumba ya baba yetu Kilolo, akilima viazi na mbaazi. Zizi nililojigamba nalo pale kibandani lilikuwa tupu.

Mtamba tulimnunua Usangu, kwa mfugaji ambaye baba yake alihamia pale kutoka kaskazini. Alikuwa mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Nilipanda naye kwenye Fuso mpaka Iringa, na kesho yake tukapanda milima ya Kilolo kwenye ukungu. Dada alitoka akiwa na jembe begani.

"Kamwene, kaka."

"Kamwene."

Akamzunguka mtamba mara mbili. "Mbona ananitazama kama ofisa wa kodi? Wa nani?"

"Wa wenzangu. Ni zawadi ya mchezo."

"Mchezo gani unachezwa na ng'ombe?"

Nilipomweleza alicheka mpaka akashika nguzo. Wazee wazima, alisema, mnahesabu magoli ya watoto wa Wazungu. Halafu akaacha kucheka, akamshika mtamba nundu, akapitisha kiganja mgongoni mpaka mkiani.

"Hao wenzako wanaijua desturi?"

Kwetu, anayekulishia ng'ombe humlipi mshahara. Anakunywa maziwa, na ndama wa kwanza ni wake. Hakuna anayeliandika jambo hilo, kama ambavyo hakuna anayeandika kwamba mgeni hupewa kiti.

"Wanaijua," nikasema.

"Ndama wa kwanza ni wangu?"

Daftari lilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti langu, upande wa kushoto. Nilihisi kona yake ikinichoma.

"Desturi ni desturi."

"Kaka, sema ndiyo."

"Ndiyo," nikasema.

Nilijiambia kwamba hakutakuwa na ndama. Mtamba bado mdogo, na msimu ni wa miezi tisa au kumi tu. Nilijiambia pia kwamba likitokea la kutokea nitakuwa na muda wa kuliweka sawa. Hivyo ndivyo nilivyoishi maisha yangu mengi: upande huu nasema neno la kuupendeza, upande ule nasema jingine, halafu naomba pande mbili zisikutane.

Mwezi wa tisa dada alipiga simu akiwa na furaha. Mtamba alikuwa amepata joto, na yeye hakuchelewa. Alimwita mtaalamu wa mifugo akampandisha kwa mrija, mbegu ya ng'ombe wa maziwa. Alilipa kwa magunia mawili ya viazi.

"Ungeniuliza kwanza," nikasema.

"Nikuulize nini? Joto la ng'ombe linangoja simu yako?"

Sikuwaambia wenzangu. Wiki ya kwanza nilisema nitawaambia Jumamosi. Jumamosi ilipofika tulikuwa tunazungumzia penalti. Mwezi ukapita, na kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi, kwa sababu sasa ingebidi nieleze pia kwa nini nilinyamaza. Mara tatu niliandika ujumbe mrefu kwenye kundi letu la simu, na mara tatu nikaufuta herufi kwa herufi.

Dada naye alinipa habari za Kilolo kila wiki. Mtamba wa nchi ya joto alikuwa akitetemeka kwa baridi, kwa hiyo alishona magunia manne pamoja akamfunika mgongo. Amepanda majani ya malisho, mabingobingo, kando ya bonde. Mwezi wa pili alisema amemwona ndama akicheza tumboni, ubavu wa kulia, alfajiri. "Akiwa jike," alisema, "nitamwandikisha kwa mtendaji wa kijiji kwa jina langu. Safari hii asije mtu akasema ni wa mume."

Mke wangu alikuwa ameketi karibu akichambua maharage. Nilipokata simu aliniuliza, "Wifi anajua ulichoandika kwenye lile daftari?"

"Nitashinda mimi," nikamjibu.

Huo ndio ulikuwa mpango wangu wote. Nikiwa bingwa, mtamba na uzao wake ni wangu, na ndama nitampa dada bila mtu yeyote kujua kwamba niliahidi mara mbili. Mchezo ule wa kucheka ukanigeukia. Nilisoma habari za majeruhi wa Uingereza kuliko nilivyosoma habari za wajukuu wangu. Nilijua maumivu ya nyama za paja za vijana ambao sitawahi kukutana nao. Mwezi wa kumi na mbili nilikuwa wa sita; mwezi wa tatu nikawa wa pili, nyuma ya mwenye spea.

"Katibu, andaa kamba ndefu," aliniambia. "Kutoka Kilolo mpaka Mbalizi ni mbali."

"Kamba utaikuta imeshatumika," nikajibu, na watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Siku ya mwisho ya msimu nilikuwa naongoza kwa pointi tano. Muda wa kubadilisha kikosi ulikuwa unafungwa saa kumi na nusu jioni. Kapteni wangu tangu mwezi wa kwanza alikuwa mshambuliaji mmoja, na hakuwa ameniangusha. Lakini saa kumi nilisoma mahali kwamba goti linamsumbua na huenda akapumzishwa.

Mwalimu alichungulia simu yangu. "Usimguse, mzee. Kila wiki wanasema goti."

"Asipocheza?"

"Benchi itakusaidia, na ukapteni utahamia kwa msaidizi wake. Mwache."

Dakika mbili kabla ya kufungwa nilimvua ukapteni nikampa mwingine. Saa kumi na mbili mechi zote zikaanza kwa pamoja. Yule mshambuliaji alicheza dakika zote tisini na kufunga magoli mawili. Yule niliyempa ukapteni alizunguka uwanjani kama mtu aliyepoteza funguo. Kibanda kizima kilikuwa kikipiga kelele, mimi nikihesabu kwa vidole chini ya meza. Nilishindwa kwa pointi nne. Ningemwacha kapteni wangu, ningeshinda kwa saba.

Mwenye spea alikuja kunishika mkono. Nataka ieleweke kwamba hakuwa mtu mbaya. "Umecheza vizuri, Katibu. Jumamosi twende tukamchukue bibi harusi?"

"Jumamosi," nikasema.

Nilikuwa na siku sita. Ningempigia dada, au ningemvuta mwenye spea pembeni nikamwambia ukweli mbele ya chupa ya soda. Nilimpigia dada Ijumaa jioni na kumwambia tu kwamba wageni wanakuja.

"Wangapi?" akauliza. "Nichinje kuku mmoja au wawili?"

Tulifika Kilolo asubuhi, saa nne kasorobo, tukiwa tumeondoka Mbeya usiku, mimi, mwenye spea na mwalimu, kwa gari dogo la mizigo lililotandikwa nyasi nyuma. Mwenye spea aliliendesha mwenyewe. Dada alikuwa amevaa vitenge alivyokuwa amemnunulia mke wangu, nami nikasahau kuvibeba. Kando ya zizi palikuwa na kitu kipya: kizizi kidogo cha miti mibichi, kimefika kiunoni, chenye mlango wa upana wa ndama. Gome la miti lilikuwa bado linatoa maji.

"Shikamoo, mama," alisema mwenye spea.

"Marahaba. Karibuni, hapa ni kwa kaka yenu."

Mwenye spea alipomwona mtamba alisimama. Tumbo lilikuwa limeshuka, la miezi minane. "Kumbe zawadi ina nyongeza," akasema, na akanigeukia akitabasamu. "Katibu, msiri wewe. Mama, Mungu akubariki kwa ulezi. Tumekuja kumchukua."

"Kumchukua?" dada akauliza. "Si akishazaa? Ndama akishaanza kula majani ndipo mama yake aondoke. Mimi nitabaki na ndama wangu."

"Ndama wako?"

"Wa kwanza. Wa ulezi."

Mwenye spea aliacha kutabasamu, lakini hakupandisha sauti. "Katibu, hebu tusomee pale palipoandikwa."

Nilitoa daftari. Vidole havikupata ukurasa.

"Kaka, daftari la nini?" dada akasema. "Waambie tulivyosema. Ulikuwa umesimama hapo hapo ulipo."

Mwalimu alitazama viatu vyake. Mtamba alikuwa akitafuna. Kisha mwenye spea akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia nikiwa naswaki, nikiwa kanisani, nikiwa nasubiri chai.

"Mama, mimi sigombani kwa tumbo la ng'ombe. Kama mlikubaliana, mzee aseme tu. Akisema aliahidi, ndama nitamrudisha hapa kwa gari hili hili, na wenzetu nitawaeleza mimi."

Mlango ulikuwa wazi, nami sikuwa na kazi nyingine ila kupita. Lakini kupita kulimaanisha kusema mbele ya mwalimu na mwenye spea kwamba Katibu aliandika kanuni kwa mkono wake na kuahidi kinyume chake kwa mdomo wake, kisha akanyamaza miezi yote ile. Niliziona sura za wenzetu kibandani wakisimuliana. Niliyaona makofi yale.

"Sikumbuki kama tulizungumza habari za ndama wa kwanza," nikasema. "Nakumbuka tulisema maziwa."

Dada alinitazama. Hakutazama kwa hasira. Alitazama kama mtu anayejaribu kusoma kibao kilicho mbali, akakisoma, akaelewa. Aliingia zizini, akamvua mtamba yale magunia aliyoyashona, akayakunja kwa nne. Akafungua kamba shingoni, akaitundika kwenye nguzo. "Hii ni ya kwangu," alimwambia mwenye spea kwa upole. "Mna kamba yenu?" Walikuwa nayo. Akamwongoza mtamba mwenyewe mpaka kwenye gari, akimsemesha kwa Kihehe maneno ambayo mama yetu alikuwa akiwasemesha ng'ombe, na mtamba akapanda bila kupigwa.

Halafu akasema, "Njooni mle. Kuku watapoa."

Tulikula. Alininawisha mikono mimi wa kwanza, kama inavyostahili, na akaniwekea firigisi. Sikuweza kuimeza wala kuirudisha.

Njiani kurudi Mbeya tulipita Mafinga. Hapo mwenye spea, macho yakiwa barabarani, akauliza, "Katibu, una uhakika?" Nikasema ndiyo. Mwalimu alifungua dirisha ingawa kulikuwa na baridi. Mwisho wa mwezi ule alihama chumba changu.

Mtamba alizaa Mbalizi mwezi wa saba. Ndama jike, mwekundu kama mama yake. Nilipopata habari nilikaa siku tatu, ya nne nikaenda dukani kwa mwenye spea, nikamwambia kila kitu, nimesimama katikati ya minyororo ya pikipiki. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ungesema siku ile, mzee," akasema. "Ilikuwa neno moja." Hakuniita Katibu.

Alitimiza kauli yake. Ndama alipoacha kunyonya alinipa bila kudai chochote, na nikampeleka Kilolo. Nilimkuta dada akipalilia. Kizizi kidogo kilikuwa kimevunjwa. Miti yake ilikuwa kuni, imepangwa vizuri ukutani.

"Ndama wa nani?" akauliza.

"Wako. Nilikosea. Niliahidi, na nilisema uongo mbele yako."

Aliegemea jembe. "Wa kwanza aliuzwa na baba," akasema. "Nilikuwa mtoto, na wewe ulikuwa mtoto, nikasema si kosa lako. Huyu sikumpoteza kwa baba. Mrudishe ulikomtoa."

"Mchukue tu, hata kama hunisamehi."

"Nimekusamehe; padri akikuuliza, mwambie hivyo. Lakini sina neno la kushika kutoka kwako, na ng'ombe bila neno ataniletea watu kwenye zizi tena."

Nilimwachia jirani yule ndama. Amekua, amezaa. Dada hupita kando yake akienda kuteka maji.

Imepita misimu mitatu. Ligi inaendelea bila mimi, na nasikia zawadi ya sasa ni mabati. Nikienda Kilolo dada ananipa kiti, ananipa chakula, ananiuliza habari za safari. Ananiita mgeni. Mwaka huu alifanyiwa upasuaji wa jicho hospitalini Iringa, na nilizipata habari wiki tatu baadaye kutoka kwa jirani. Kwenye fomu, mahali pa kuandika ndugu wa karibu, alimwandika huyo jirani. Wazazi wetu walizaa sisi wawili tu. Nilisema "dada yangu yuko Kilolo" ili nipigiwe makofi, na neno hilo limenigharimu dada. Yuko hai, ana afya, analima. Mimi ndiye sina ndugu.